Liste Iko Ndani ya Machine

Beni, ku Beu, tarehe 6 Octobre 2025

Kwa ndugu yangu mupendwa Onésime Syauswa, Butembo

Nakusalimu mu jina ya Bwana wetu Yesu. Habari ya nyumba? Mke wako Falonne iko muzima, na batoto? Kile kikohozi chako cha vumbi kimepona ao ungali unakunywa dawa ya majani? Mimi ku mwili niko muzima, namushukuru Nyamuhanga, Mungu wetu. Maharagi imeiva muzuri, nimekutumia ndoo moja na Gracien wa taxi, yeye njo anakuletea na barua hii. Mwambie Falonne asipike yote siku moja, namujua mukono wake.

Ndugu yangu, nakuandikia na woga. Radi ilipiga antenne ya upande wetu, simu haipite tangu siku tano. Hata ingepita, haya nisingesema mu telephone. Soma peke yako.

Unajua kazi yenye Pasteur Abdias alinipa ku bureau ya kanisa. Tangu batu ya upande wa Mutwanga balikimbia, mimi njo naandika majina yao: nani amefika, nyumba gani ya hapa Beu imemupokea, na nani anatafutwa na jamaa yake. Mbele niliandika mu daftari. Kisha batu wenye hatujue balianza kuuliza ku soko, kanisa inaficha nani na mu nyumba gani. Mu ile liste muko batu wenye balikamatwa mateka, kisha bakatoroka toka mu pori. Balipata kuona sura za bale balibakamata, balipata kusikia majina yao. Pasteur aliniambia niingize yote mu ordinateur, na neno la siri, kisha nichome daftari. Nilichoma mimi mwenyewe ku mbabula, jiko ya makala, karatasi kwa karatasi. Kuiweka ku flash alikataza, anasema flash inatembea mu mufuko ya kila mutu. Donc liste iko fasi moja tu mu dunia hii, na ile fasi imeingia giza.

Ilianza juma iliyopita. Écran, ile kioo ya ordinateur, ilitoa mistari, ya kijani na ya zambarau, kama kikwembe chenye kimefumuka. Ikazima, ikawaka, ikaandika: «Le pilote d'affichage ne répond plus et a été récupéré.» Nilinakili maneno kama yalivyo. Nilibaki nauliza, nani amemurecupere nani? Tangu siku ya yenga, Jumapili, haiandike tena kitu. Taa ya machine inawaka, inanguruma kwa chini, mais écran ni nyeusi.

Tarehe 18, siku ya posho, Jumamosi, jamaa za Mutwanga banakuja na camionnette, na escorte ya baaskari. Inakuja mara moja. Ikirudi bila batu wao, hakuna mwenye anajua itapata njia tena lini. Kuko mama mumoja, Hadassa, ametuma neno mara tatu, anatafuta binti yake. Ule binti nilimwandika kwa vidole vyangu. Mais nyumba gani, sikumbuke. Nyumba ni makumi ine na moja. Nikizunguka mulango kwa mulango nauliza, nitakuwa naonyesha njia kwa bale ba soko.

Pasteur hajue. Nilimwambia machine inapumuzika. Ku boutique ya hapa siwezi kuipeleka, wataifungua na kusoma. Ni wewe tu mwenye anajua hizi vitu. Niandikie ku karatasi, pole pole, kama unafundisha mutoto. Jibu mbio, tafazali.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa,
Katungu Abigaïl


Butembo, tarehe 8 Octobre 2025

Kwa Yaya Katungu,

Salamu nyingi, na Falonne anakusalimu na mikono ingali na mafuta. Alipika nusu ya ndoo. Kikohozi kiko pale pale, tumezoeana.

Yaya, kaa chini kwanza. Ile message haiko ya shetani. Pilote d'affichage ni programu kidogo yenye inafundisha carte graphique, kile kibao cha ndani, namna ya kuchora picha ku écran. Ikianguka, picha inapotea. Machine yenyewe inaiinua tena, ile njo «récupéré». Liste yako haiko ku écran. Iko ku disque, ndani. Écran ni dirisha. Dirisha ikifungwa, batu wenye bako mu nyumba hawakufe. Andika ile neno fasi utaliona kila asubuhi.

Mbele ya yote unijibu: kamba ya écran imekazwa? Uliisogeza machine? Na kuko kitu juu yake? Nauliza sababu nakujua. Radio ya baba uliivalisha kitambaa mpaka muhubiri akawa anaongea kama mutu wa mafua. Ordinateur inapumua, Yaya. Ukiiziba, inaiva ndani.

Kisha ufanye hivi. Washa. Ikianza tu kuamka, shika bouton ya kuwashia mpaka izime. Rudilia tena. Mara ya tatu itakuletea ukurasa ya bleu. Hapo shika «Dépannage», kisha «Options avancées», kisha «Paramètres», uiache izime na kuwaka. Ikikupa liste ya namba, finya 4. Ile inaitwa mode sans échec: machine inaamka na nguo ya ndani tu, bila mapambo. Ukiona kitu, tafuta «Gestionnaire de périphériques», fungua «Cartes graphiques», finya jina lenye liko pale na kidole ya kuume ya souris, kile kipanya cha mukono, chagua «Désinstaller». Hapana kuogopa ile neno. Haifute liste, inafukuza tu pilote mugonjwa. Ukiwasha tena, machine itatafuta mwingine yenyewe.

Uniambie kila kitu umeona, hata yenye unaziona za upuzi. Daktari haponye mutu mwenye anaficha fasi inamuuma.

Mudogo yako,
Onésime


Beni, tarehe 10 Octobre 2025

Kwa Onésime, mutoto wa mama yangu,

Nakusalimu tena mu Bwana. Wasingya, asante kwa barua. Nimeisoma mara ine, na ile neno ya dirisha nimeliandika ndani ya jalada ya Biblia.

Nilifanya kama ulisema. Mara ya tatu ukurasa ya bleu ilikuja, nikafinya namba 5 kwa kukosa, nikaanza upya. Kisha nikafinya 4. Onésime, écran iliamka! Herufi kubwa kubwa, kama Biblia ya bazee, picha imevutika, mais iliamka. Nilimufukuza ule pilote. Kisha nikaenda moja kwa moja ku liste, nikaandika neno la siri, na majina yakafunguka yote. Nililia. Imprimante, ile ya kupiga karatasi, ikakataa. Nilifinya na nilifinya, inasema haiko.

Nikasema bien, nitaandika na mukono. Nilikuwa nimemaliza majina saba na nyumba zao. Haikupita wakati wa kusoma zaburi ndefu, mistari ikarudi, na giza. Nikawasha tena: dakika tano. Tena: dakika mbili. Sasa inaonyesha kitu kiasi cha kukohoa tu. Binti ya Hadassa hakuwa mu bale saba. Ile karatasi nailala juu yake.

Uliuliza. Kamba imekazwa. Sikuisogeza. Hakuna kitu juu ya machine, iko fasi yake, imekaa muzuri. Zaidi siwezi kuandika.

Jana bale batu balipita tena. Balisimama ku barza ya bureau, wawili, bakauliza kama kanisa inaweza kubapigia barua ku machine. Nikasema hatuna machine, mimi ni mushonaji wa nguo ya baimbaji wa chorale. Mumoja alicheka, akasema, «Mama, basi utanishonea na mimi.» Pasteur ameniuliza kama liste iko tayari. Nilijibu, iko. Mungu anisamehe.

Gracien atarudi kesho kutwa. Nijibu mbio.

Yaya yako,
Katungu


Butembo, tarehe 13 Octobre 2025

Yaya,

Nimesoma, na ninakupongeza. Kuko vijana ku boutique yangu wenye banaogopa ukurasa ya bleu kukupita. Imprimante haikukosa: mu mode sans échec haiamke, nilisahau kukuambia, kosa ni yangu.

Sasa usikie. Kama giza inakuja hata bila pilote, basi pilote haiko mugonjwa. Ni carte yenyewe. Carte inakufa kwa njia mbili: ao moto ao uzee. Kama ungeniambia imefunikwa, ningesema ni moto, iache ipoe, kazi imeisha. Mais umesema hakuna kitu juu yake. Basi ni uzee, na uzee hauna dawa. Inafaa kutosha carte na kuweka nyingine.

Nimepata moja, ilitumika, mais nimeijaribu siku nzima. Huwezi kuiweka peke yako, na sitaki mutu mwingine afungue ile machine. Nakuja mimi mwenyewe siku ya tano, tarehe 17. Natoka hapa saa kumi na mbili ya asubuhi na Gracien. Saa ine tuko pamoja, saa sita unapiga liste yako, posho jamaa za Mutwanga banakuta kila kitu.

Barabara iko muzuri, batu banapita. Hapana kujisumbua. Falonne nimemwambia naenda Masereka kuangalia viazi. Unamujua, akisikia Beni hatalala. Usiniuze.

Nipikie sombe, majani ya muhogo.

Onésime


Beni, tarehe 15 Octobre 2025

Onésime, hapana kuja.

Naanza na ile neno ili kama barua inapasuka njiani, lile libaki. Hapana kuja. Sasa nikueleze.

Nilipokea barua yako jana. Uliandika barabara iko muzuri, na mimi njo nilikulea, najua mukono wako ukiandika uongo: herufi zinakuwa nzuri. Nilienda ku bureau, nikafunga mulango, nikapiga magoti chini ya meza fasi machine iko, nikaomba. Nililaza paji ya uso juu yake. Ilikuwa moto kama mbabula ya kuchemshia maharagi. Niliondoa uso mbio.

Nilikudanganya. Haiko kitambaa, Onésime. Ni blanketi. Ile nzito ya mama, nimeizungusha mara mbili, nikafunga na kamba, juu nikatandika kikwembe, na ku pembeni nikasimamisha gunia ya vitambaa, ili mutu akiingia aone ni machine ya kushona yenye imefunikwa. Nilifanya ile siku bale batu balianza kuuliza ku soko. Hata nikifanya kazi nafungua écran tu, ile nyingine inabaki imefungwa. Na usiku na muchana siizimi, sababu naogopa ikizima haitaamka tena.

Ulipouliza, nilitaka kukujibu. Nilishika kalamu ya bic. Mais nikawaza, barua inapita ku barrière ngapi za barabarani? Mutu akiifungua, atasoma: machine ya kanisa iko chini ya blanketi, ku bureau ya Beu. Njo nikaandika hakuna kitu. Niliona uongo kidogo ni bora kuliko nyumba makumi ine na moja. Sikujua kama ile uongo itakutia wewe mu barabara.

Nilifungua kamba. Nilitosha blanketi, nikafagia vumbi yenye ilijaa ku matundu, ilikuwa mingi kama pamba. Nikaizima. Niliiacha tangu saa sita mpaka saa tisa, nikikaa karibu nayo kama mutu anamulinda mugonjwa. Niliwasha. Ilikaa. Saa moja nzima, Onésime. Ikatafuta pilote mupya yenyewe kama ulisema, écran ikazima kidogo, ikarudi na herufi ndogo, nzuri, kama zamani. Imprimante ikasikia. Nimepiga liste yote, batu wenye balipatikana na wenye banatafutwa. Iko mu Biblia yangu. Binti ya Hadassa iko nyumba ya kumi na tisa, hapa nyuma ya bureau. Kila siku alikuwa anapita na bidon ya maji, ananisalimia, na sikujua ni yeye.

Carte yako haina kazi. Baki kwako, na Falonne, na viazi. Gracien anatoka sasa hivi. Ukiona barua hii, rudisha mufuko ndani ya nyumba.

Yaya yako mwenye haya,
Katungu


Beni, tarehe 16 Octobre 2025

Ndugu yangu,

Gracien amerudi, na barua ya jana ingali mu mufuko yake. Balimurudisha ku barrière, njia imefungwa, hawakumwambia sababu. Antenne ingali kimya. Nimeenda mpaka ku kilima, nikanyanyua telephone kama mutu anatafuta mvua.

Nimepata Jéthro mwenye anaendesha pikipiki. Anasema anajua njia ya chini, ya mashamba, na atakuwa kwako kesho asubuhi. Nimemupa ile barua na hii. Nilimwambia afike mbele ya saa kumi na mbili. Aliangalia mawingu.

Nafurahi kwa kitu kimoja: ulisema unakuja na Gracien, na Gracien iko hapa, anakunywa chai mbele yangu. Basi hauna gari. Basi utabaki. Najisemea hivi tangu saa nane.

Hapana kuja.

Katungu


Beni, tarehe 19 Octobre 2025, kisha ya ibada

Kwa Onésime Syauswa, ao kwa mwenye atafungua

Nakusalimu mu jina ya Bwana. Habari ya mwili wako? Nauliza sababu njo namna tunaanza barua, na leo nauliza kweli.

Jamaa za Mutwanga balifika jana saa tano. Pasteur alikaa ku meza, mimi nikasoma, mutu akitaja jina natafuta na kidole, kisha tunatuma mutu mumoja ku nyumba moja, bila kelele. Mama Hadassa alikuwa wa tatu. Nilimwambia akae, angoje dakika kumi. Alikataa benchi, alisimama akishika mulango. Binti aliingia na ile bidon yake, akaiweka chini pole pole ili maji isimwagike, kisha njo akamuona mama yake. Sitakueleza zaidi. Batu kumi na mumoja balipanda camionnette. Pasteur alinishukuru mbele ya wote, akasema Mungu alitumia mikono yangu. Nilikuwa naangalia mulango.

Jéthro alirudi jana magaribi. Alifika kwako siku ya tano saa tatu ya asubuhi, njia ya mashamba ilikuwa matope mupaka ku magoti. Falonne alimupokea muzuri. Alimwambia, bwana ameenda Masereka kwa viazi, alitoka kungali giza na mufuko ya mugongo. Taxi yenye alikuwa anangojea haikukuja, akapata gari ingine. Jéthro aliacha barua zangu mbili juu ya meza, zimefungwa, na jina yako juu.

Ku Beni banasema gari moja ilisimamishwa mu barabara ya Butembo ile siku ya tano. Wengine banasema mbili. Banasema batu baliruka, bakaingia mu mashamba ya kahawa, na kila siku kuko wenye banatokea, mumoja mumoja. Gracien alienda kuuliza ku barrière. Balimwambia hakuna liste.

Antenne imerudi leo asubuhi. Namba yako inasema hapatikani. Ya Falonne inalia, inalia, hakuna mwenye anashika. Pengine yuko ku kanisa.

Falonne, kama ni wewe unasoma: hakuenda Masereka. Alikuja kwangu, sababu aliniuliza neno moja, na mimi nikajibu hapana. Fungua na zile barua zingine, utaona. Unilaumu, mais unilaumu kwa sauti, nisikie sauti yako.

Onésime, machine inafanya kazi. Nimeikalisha wazi ku meza, mutu mwenye anataka kuiona aione. Kisha ya jamaa kuondoka niliifungua nipange liste. Bale kumi na mumoja nikabatosha upande wa wenye banatafutwa. Kila jina likitoka, la chini yake linapanda. Ku mwisho kulibaki mustari moja bila kitu, na kile kijiti cha écran kilikuwa pale, kinawaka, kinazima, kinangojea niandike. Niliandika «Sya». Nikafuta. Sitaki kuandika jina lako upande ule. Sikuzima machine. Ule mustari ungali wazi.

Sombe nilipika siku ya tano. Nimeifunika.

Jibu mbio, tafazali. Hata neno moja.

Yaya yako,
Katungu Abigaïl